Sauti ya Bi Sabra Iliyotutangulia Maskati

Nilikwenda Maskati kwa sababu Bi Sabra aliniomba. Hapa Unguja mwimbaji huyo wa taarab hahitaji kutajiwa jina la baba, nami nimempigia fidla miaka kumi na miwili. Mwaka jana alipasuliwa koo. Sauti yake nyembamba, iliyokuwa ikipanda mpaka ukadhani itakatika, ilirudi nzito, ina mikwaruzo. Mwaliko wa harusi ulipokuja kutoka Oman, alinipigia simu. "Sijaimba mbele za watu tangu nitoke hospitali," akasema. "Sendi peke yangu."

Tuliruka asubuhi. Njiani hakuzungumza sana. Alikunywa maji ya moto yenye asali na kuimbia puani huku midomo imefumbwa.

Alasiri tulifika Al Khoudh, pembeni mwa Maskati, kwenye nyumba nyeupe iliyoegemea milima mikavu. Mama wa bibi harusi, Bi Thuraya, ambaye wazee wake walitoka Unguja, alitupokea mlangoni.

"Ahlan, ahlan! Karibuni kwenu. Nna furaha, dada Sabra, hata sijui niseme nini."

Tukala halwa, tukanywa kahawa. Bi Sabra alianza kumweleza habari za koo lake, naye akamshika mkono. "Usiwe na khofu. Hilo tushalitengeneza."

Tulidhani amekodi vipaza sauti vizuri.

Asubuhi ya pili, siku ya harusi yenyewe, dereva alitupeleka Hamriya, kwenye chumba cha kurekodia muziki juu ya duka la mashuka. Fundi wa sauti alikuwa Njeri, mwanamke wa Nakuru anayefanya kazi Maskati.

"Mama, sikiza hii, uniambie kama iko sawa," akasema, akabonyeza.

Nilimsikia Bi Sabra akiimba kwa ile sauti ya zamani, safi, iliyopanda bila kuyumba. Lakini wimbo sikuujua. Ulimsifu bibi harusi kwa jina lake, na babu zake, na nyumba yao. Nikamtazama Bi Sabra. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni wewe, mama. Tulipewa nyimbo zako za kitambo, kompyuta ikajifunza sauti. Leo utasimama tu na maiki, ufungue mdomo. Si uliambia hii familia ni sawa?"

"Nilimwambia nani?"

Njeri alishika kichwa. "Woi! Mimi sikujua. Pole sana, mama."

Bi Sabra hakufoka. Aliomba urudiwe, akausikiliza mpaka mwisho. "Ananishinda," akanong'ona. "Hata pumzi havuti."

Tulishuka mgahawani, na huko nikapata mshtuko wa pili.

"Hili si la kwanza, mwanangu," akaniambia. "Ile harusi ya Dubai, wewe ulipokuwa umejifungua, koo lilikuwa lishaanza kuniuma. Waliweka wimbo niliourekodi zamani, mie nikafungua mdomo tu. Mwisho mwanamke mmoja akanibusu mikono, analia. Nikamwachia abusu."

Harusi ile nimewasimulia watu wengi jinsi alivyowaliza.

"Na wewe pia unanifunika," akaendelea. "Nikifika pa juu, unaizidisha fidla. Ulidhani sisikii?"

Nilitazama chini. Nilikuwa nikifanya hivyo kabla hata ya upasuaji, nikijiambia namsaidia.

Saa kumi, ukumbini, Bi Sabra alimwendea Bi Thuraya. Walisimama nyuma ya pazia.

"Ntaimba mwenyewe, au nirudi kwetu."

"Watu wanakuja kumsikia Sabra!"

"Sabra ni mie."

"Yule wanayemjua wao, dada. Usiniaibishe siku ya mwanangu." Kisha akapoa. "Haya, imba. Lakini ikiharibika, Njeri atawasha ile."

Ukumbi ulijaa wanawake, dhahabu na udi. Ubeti wa kwanza ulipita. Katika wa pili sauti ilipasuka katikati ya neno. Safari hii sikumfunika. Nikaona simu zikishushwa, watu wakitazamana. Bi Thuraya akainua mkono.

Sauti ya kompyuta ikajaa ukumbini.

Bi Sabra aliweka maiki sakafuni, akafunga mdomo, akasimama wima. Aliyesikika akiimba alikuwa yeye, na hakuwa yeye. Wanawake wa mbele walishika vifua. Mmoja alisema, "A'udhu billahi!" Bibi harusi akamgeukia mama yake. "Mama, nini hii?" Njeri, bila kuambiwa na mtu, akazima.

"Yule si mie," Bi Sabra akasema, bila maiki. "Mie ni huyu mwenye kukwaruza. Mkitaka ntaendelea."

Waliokuwa nyuma walianza kutoka, Bi Thuraya miongoni mwao. Bibi harusi alikunja gauni lake, akaja kukaa kwenye ngazi ya jukwaa. "Endelea, mama," akasema. Bi Sabra aliimba nyimbo tatu, mbele ya labda nusu ya waliokuja.

Kesho yake Bi Thuraya hakutokea kutuaga. Njeri ndiye aliyetuendesha hadi uwanja wa ndege, akapitia Matrah tuione bandari. Meli ya watalii ilikuwa imefunga gati. Hapo ndipo alipotuambia.

"Nimefuta kila kitu kwa mashine yangu, mama. Lakini ule wimbo nilikuwa nishatumia familia. Nimeona wameuweka kwa mitandao. Watu wanausifu sana."

Nilipiga kelele. Bi Sabra akasema, "Na wimbo uende zake. Mie siwezi kuukimbiza."

Tumerudi Unguja. Mialiko miwili imeshavunjwa, na sokoni watu humpongeza Bi Sabra kwa wimbo ule wa Maskati. Kila mara husimama, akamweleza mtu kwamba hakuuimba yeye. Wengine hucheka wakidhani anajishusha. Nilichojifunza kinanihusu mimi zaidi. Wiki iliyopita tulifanya mazoezi sebuleni kwake. Alipokaribia pale pa juu, niliondoa uta kwenye nyuzi, nikauweka magotini. Alikwaruza, akatafuta, akafika chini kidogo ya pale pa zamani, akabaki hapo, peke yake.