Waya wa Mota ya Kijiji Uko Kwenye Pete Zangu

Jina langu naomba libaki kwangu, na la kijiji changu pia, ila jueni ni huku milimani Mbinga. Nina miaka thelathini na sita, mume mmoja, watoto watatu, na kazi niliyojifundisha mwenyewe: natengeneza pete za waya na shanga, nyumbani, kwenye meza ileile tunayolia ugali. Nilianza na waya wa redio mbovu na shanga zangu za shingoni. Nikaharibu pete thelathini na moja, ya thelathini na mbili ikavalika. Leo nina kijiti cha kupimia chenye mikato kumi na minne, na kila mwanamke wa kwaya yetu najua kidole chake ni mkato wa ngapi. Nikishuka ziwani Lipingo, pete nne nabadilisha kwa kisado cha dagaa. Tangu biashara ilegezwe, shanga zinapatikana kila mnada, rangi unayotaka. Taabu ni waya.

Mume wangu kwa miaka sita aliiita kazi hii mchezo wa watoto. Mgeni akija, anamwambia, "Mke wangu huyu ni fundi umeme wa nyumba isiyo na umeme." Watu wanacheka, mimi namimina chai. Kwa hiyo mwaka huu, mwezi wa pili, mvua inanyesha, alipoingia na mfuko wa rambo umejaa waya wa shaba, nilikaa chini. Alisema kaupata mjini kwa fundi anayesuka mota, umetoka kwenye mota iliyoungua. Hajawahi kuniletea hata shanga moja. Nililia, sifichi.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Waya wa mota iliyoungua huja mweusi, na ukiuzungusha kwenye kijiti unakatika. Huu uling'aa kama umepakwa mafuta, na vipande vyote vilikuwa na urefu mmoja, sentimeta arobaini na mbili. Kipande kimoja, pete moja, hakibaki hata cha kufungia mfuko. Mimi ninayepima kila kitu nilipima na hilo, nikafurahi, nikanyamaza. Nilitoa pete mia mbili na kumi na mbili. Siku ya Pasaka, wakati wa kutakiana amani kanisani, nilikuwa nahesabu mikono: arobaini na tatu yenye pete zangu. Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Sasa kuna mashine. Ushirika ulipoanguka na wanunuzi binafsi wakawa wanataka kahawa iliyomenywa vizuri, tulijikusanya kijiji kizima, kila kaya ikatoa kahawa yake, tukanunua mashine ya kumenya, pamoja na jenereta na mota ya kuizungusha. Mlinzi wake ni mzee mmoja ambaye ni baba yangu wa ubatizo. Ndiye aliyenishika kisimani pa ubatizo, na wazazi wangu walipofariki ndiye aliyesimama mahali pao siku ya ndoa yangu.

Mwezi wa sita tulipeleka kahawa ya kwanza. Jenereta likanguruma, mashine haikuzunguka. Fundi akafungua mota mbele yetu wote. Tupu. Kipande kimoja tu cha waya kilikuwa kimenasa ndani. Akakichomoa, kikapita mkono kwa mkono, wanawake wanakigeuza huku wamevaa pete zangu, mpaka kikanifikia. Sikuhitaji rula.

Jioni nilimwuliza mume wangu, "Mota ya kijiji uliifungua wewe?"

Hakubisha. "Mama watoto, ushirika ulipokufa watu walibeba mpaka mabati ya ghala. Nani aliulizwa? Na hii mashine ilikuwa imelala miezi minne, nikajua ndiyo imekwenda hivyo hivyo."

"Ilikuwa inangoja kahawa."

"Haya, mimi mwizi. Na wewe mbona ulikuwa unasokota huku unaimba?"

Nikamwambia twende kwenye kamati, tutoe kahawa yetu ya mwaka huu na ya mwakani, mota ipatikane. Akasema, "Nenda. Ukinitaja, nami nasema ulinituma. Wataangalia pete zako vidoleni mwao. Watamwamini nani?"

Kamati imeshaamua kwamba mzee alikuwa halindi. Atalipa kwa miti yake ya kahawa, ndiyo mali pekee aliyo nayo. Hakugombana nao. Alikuja kwangu asubuhi, nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye kigoda. Nilidhani anakuja kulalamika.

"Msimu ukiisha watakuja kuhesabu miti," alisema. "Nimewaomba unihesabie wewe. Wengine watanipunja. Wewe hukosei."

Akanywa chai yake, akashukuru, akaondoka.

Zimebaki wiki tano. Sijagusa kijiti tangu siku ile, na vipande sitini na nane bado viko kwenye ule mfuko wa rambo chini ya kitanda. Nikisema, baba wa watoto wangu anakwenda jela, na huenda nami nikamfuata, maana pete nimezitengeneza mimi. Nikinyamaza, nitapita kati ya miti ya mzee nikiitaja mmoja mmoja kwa sauti, na yeye anafuata nyuma akiniitikia hesabu, kwa sababu ananiamini.

Ninyi mnaosoma hapa hamnijui wala hammjui mume wangu, kwa hiyo hamna sababu ya kunipendelea. Ningeanza na nani: kamati, padri, au mzee mwenyewe? Nipeni neno kabla sijaitwa shambani.