Kadi Aliyoitia Sahihi Kamande

Rispah hakuwahi kuupenda mpira wa tachi, na hakumficha mtu. Kule Kendu Bay, kabla ya kuhamia ughaibuni, alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi kwa miaka kumi na minne, akiwafundisha watoto neti boli na mbio za vijiti, pekupeku juu ya kokoto. Kwake yeye, mchezo ambao watu wazima sita wanawakimbiza wenzao sita, na mwenye mpira akiguswa bega kwa ncha ya kidole anasimama kama aliyepigwa risasi, ulikuwa mchezo wa watu wanaoogopa kuumia. Alianza kuchezesha kwa hasira tu. Mwanawe Tevin, ambaye siku hizo aliucheza, alimwambia mbele ya wageni kwamba asitoe maoni kwa kuwa hazijui sheria. Miezi miwili haikupita, Rispah akawa amefanya mtihani wa urefa, amefaulu, na amenunua filimbi. Tevin alihamia Perth, upande wa pili wa nchi, kikazi. Mama akabaki na filimbi yake, kila Jumamosi mchana, kwenye viwanja vya Seven Hills, pembezoni mwa jiji walikokuwa wakiishi.

Sheria yenyewe si ngumu. Ukiguswa unasimama, unauweka mpira chini palepale, unauvuka, mwenzako anauokota. Mkiguswa mara sita, mpira ni wa wenzenu. Lakini refa ana macho mawili na uwanjani kuna mikono ishirini na minne, kwa hiyo sehemu kubwa ya mchezo hutegemea ulimi wa mchezaji mwenyewe, na hapo ndipo Rispah alipowajua watu. Alimwona daktari wa meno, mtu mwenye mvi na bendeji magoti yote mawili, akiapa kwamba hakuguswa ilhali fulana yake bado imeshikwa kwa nyuma. Alimwona mwalimu wa shule ya Jumapili akidai amemgusa mtu aliyempita hatua tatu nzima. Na mshindi hapati kitu, ila kikombe cha plastiki na picha ya Facebook.

"Mtu akiamua kuuza roho yake," alizoea kumwambia Honorine, "angalau angesubiri bei nzuri."

Honorine alikuwa Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na walifanya kazi pamoja kwenye makao ya wazee, wakiogesha, wakivisha, wakilisha. Yeye ndiye aliyekuwa rafiki wa kweli wa Rispah katika jiji lile. Mumewe Fiacre, mpakiaji mizigo wa ghalani, aliichezea Chui, timu ya Wakenya na Warundi, na nahodha wa Chui alikuwa Kamande.

Kamande alikuwa dalali wa mikopo ya nyumba, mwenye miaka thelathini na minane na viatu vya rangi ya limau. Kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa ameguswa tangu azaliwe. Rispah akimpa adhabu, alicheka, akainua mikono na kusema "Sawa, ref," kisha akawageukia wenzake na kuwaambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba macho ya mama yameanza kuingia giza. Wote walicheka, hata Fiacre, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Rispah aliyasikia yote na kuyaweka moyoni.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Juni mwaka 2021, Chui walikuwa na mechi ya kuamua nani aingie nusu fainali. Ugonjwa wa korona, baada ya kupumzika miezi kadhaa, ulikuwa umezuka upya upande wa mashariki wa jiji, na langoni alisimama mtu wa klabu na karatasi ya kuskani kwa simu na chupa ya dawa ya mikono. Kamande alipita akimpungia simu yenye alama ya kijani ya mtu aliyekwisha kujiandikisha. Alicheza kama kawaida yake. Mara tatu Rispah alimsimamisha kwa kuupasi mpira baada ya kuguswa, na mara tatu akaweka mkono kifuani kama mtu aliyesingiziwa wizi. Wakati wa mapumziko aliichukua chupa ya Fiacre akanywa maji yote. Chui walishinda kwa alama moja. Manahodha wawili wakaitia sahihi kadi ya mechi, yenye majina ya wachezaji wote, na sahihi ya Kamande ilikuwa na mkia mrefu kama ya waziri.

Jumapili jioni Rispah alikuwa akipiga pasi sare ya kazi simu ilipolia. Alikuwa Kamande, na safari hii hakumwita ref. Alimwita auntie, akamuuliza afya, akamuulizia Tevin na hali ya Perth, mpaka Rispah akaizima pasi, maana asiyekujali akianza kuwaulizia wanao, ujue ana mzigo anatafuta wa kumtwika.

Mzigo ulitoka hivi. Ijumaa watu wa afya walimtumia ujumbe kwamba alikula kwenye mkahawa mmoja wa mjini siku moja na mgonjwa. Akapimwa, akaambiwa akae ndani asubiri majibu. Jumamosi majibu yalikuwa bado, na Chui walipungukiwa mwanamume mmoja, basi akaja kucheza. Langoni hakuskani kitu. Ile alama ya kijani ilikuwa picha aliyoipiga dukani wiki kadhaa nyuma. Sasa majibu yametoka, anacho kirusi, na watu wa afya walipompigia kumuuliza alikuwa wapi, aliwaambia hakuvuka mlango wa nyumba yake.

"Vijana wote tumeongea kwa group, tumekubaliana," alisema. "Imebaki wewe tu na ile kadi, auntie. Ikipotea, hakuna mtu ataumia."

"Na wale mliocheza nao?"

"Hao hata hawatujui."

"Kesho saa moja asubuhi nina shifti," Rispah alimwambia. "Nina wazee kumi na wanne. Ulitaka niende?"

"Lakini wewe ulikuwa na filimbi tu. Hukukaribia mtu."

"Ulitia sahihi kwa kalamu yangu, Kamande. Nimerudi nayo nyumbani nimeiweka mdomoni nikijaza fumbo la gazeti."

Kamande akasema ana mke, ana leseni ya kazi, na kwamba mtu mweusi akianguka katika nchi hii haokotwi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na Rispah alimdharau zaidi kwa kulichomoa pale, kama mtu anayetoa picha ya marehemu mamake ili akopeshwe.

"Nilikuwa nikikuona unadanganya kwa ajili ya mpira nikadhani ni utoto," alimwambia. "Kumbe ndivyo ulivyo. Usinipigie tena."

Alikaa dakika chache kitandani. Aliogopa, na si ugonjwa pekee aliouogopa. Alijua watu wake na alijua watakavyosema. Lakini makaoni kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa treni wa zamani, aliyekubali kulishwa na Rispah peke yake kwa kuwa wengine, kwa maneno yake, walimpaka uji usoni kama plasta ukutani. Alipomkumbuka huyo, aliinuka. Alimpigia meneja akamwambia haji kazini na kwa nini. Alipiga namba ya afya, akasubiri dakika arobaini akisikilizishwa muziki, akawasomea kadi jina kwa jina. Kisha akampigia Honorine.

Honorine hakujua lolote. Alikuwa akipanga chakula chake cha kesho kazini.

"Fiacre anajua?" aliuliza.

"Yuko kwenye hilo group lao."

Rispah alisikia simu ikiwekwa juu ya meza, kisha Kirundi kingi, cha sauti moja tu.

Jumatano Fiacre alishikwa na homa. Ijumaa alilazwa hospitali ya Liverpool, hapohapo jijini, akawekewa oksijeni, akakaa huko siku kumi na moja bila mkewe kuruhusiwa kukanyaga hata mlango. Mwenzake mmoja wa Chui aliugua, na wawili wa timu ya pili, wale wasiowajua. Makaoni kwa wazee hakuugua mtu, kwa sababu wanawake wawili hawakwenda kazini Jumatatu ile. Rispah alipimwa mara tatu, hakuwa nacho. Wakati huo jiji zima lilikwisha kufungwa, na lingebaki hivyo hadi Oktoba.

Kamande hakuugua sana. Alikohoa kidogo na akapigwa faini. Basi jumuiya yao ya ughaibuni, ambayo ilishindwa miaka mitatu kununua viti vya mikutano, ilifanya harambee kwa simu na kuilipa faini ile kabla ya wiki kwisha. Mlangoni kwa Honorine, aliyefungiwa na watoto watatu huku mume yuko kwenye oksijeni, hakuna aliyeweka hata mkate. Rispah, naye akiwa ndani, aliagiza unga, kuku na dawa ya homa ya watoto vikapelekwa kule. Majirani wa Honorine, mume na mke Wavietnamu wasiojua jina lake, walimwachia supu mara mbili.

Katikati ya Julai mwenyekiti wa jumuiya, Mwangi, aliitisha kikao cha Zoom ili, alivyosema, kuponya. Watu arobaini na moja waliingia, wengine wamelala vitandani, na mmoja akila maandazi mbele ya kamera. Mwangi alizungumza nusu saa nzima. Alisema hakuna mbaya na hakuna mzuri. Alisema wazungu wanatutazama. Mwishowe akamwomba Rispah, kama dada mkubwa, aseme samahani kidogo tu ili mambo yaishe.

"Dada, mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani," alisema.

"Nyumbani kwa nani, mwenyekiti?" Rispah aliuliza. "Kwa Kamande mlimaliza. Mmelipa. Kwa Honorine ni nani kati yenu amebisha hodi? Mimi ni refa. Nilikuwa na kadi yenye majina na sahihi, nikaisoma kama ilivyoandikwa. Mnataka niwaombe msamaha kwa kujua kusoma?"

Mmoja alisema ana kiburi. Mwingine, ambaye hakuonyesha uso, alisema ndiyo sababu Rispah aliachwa na mumewe. Kamande mwenyewe alikuwepo, kwenye kisanduku cha pembeni, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kujipangia, nyuma yake rafu ya vitabu ambavyo Rispah angeapa havijafunguliwa. Rispah alizitazama zile nyuso moja moja, akafunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo.

Walimtoa kwenye kikundi cha akina mama wiki hiyohiyo, bila neno. Jina lake lilitoweka tu kwenye orodha. Jumapili ibada ikiwa kwenye skrini, watu walisalimiana kwa majina na la kwake likarukwa. Alidhani hatajali. Lakini ikapita Agosti, askari wa jeshi wakizunguka mitaani kugonga milango ya waliotakiwa kukaa ndani, na yeye anatoka kazini anarudi kwenye nyumba isiyo na sauti, na siku moja alijikuta akitamani kusikia hata umbea wao, hata yule mla maandazi. Akajidharau kwa hilo kuliko alivyowadharau wao.

Honorine ndiye aliyebaki. Walikula chakula cha mchana wakiwa wameketi mbali kwa mbali kwenye ua wa makao, kila mmoja na benchi lake.

Novemba michezo ilirudi kwa waliochanjwa. Noelene, mama mzungu aliyewapangia marefa mechi, alimpigia simu akamuuliza kwa upole kama angependa asipangwe tena na Chui. Rispah alijibu kwamba hajawahi kuchagua wa kuwachezesha, na akianza kuchagua hatabaki na mtu.

Jumamosi ya kwanza alipangiwa uwanja wa pili, saa nane, Chui na timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha madirisha. Watu wa madirisha walifika. Saa nane ikapita na hakuna Chui hata mmoja. Kisha kutoka upande wa stesheni akaonekana mtu akitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua kadhaa. Alikuwa Fiacre, amevaa suruali ya kawaida. Alikuwa amekonda shingo.

"Dada Rispah, hawaji," alisema alipopata pumzi. "Wamesema hawachezi chini yako. Nimeona mtu akuambie, usisimame hapa bure."

"Kamande hana simu?"

"Anayo."

Rispah alitazama saa. Sheria ilimtaka angoje dakika kumi, naye akazingoja zote. Fiacre alisimama kando yake, akizungusha kofia mikononi.

"Ile Jumapili nilijua," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimesoma kwenye group. Honorine alikuwa anapanga chakula chake cha kazi, mimi namwangalia tu."

"Najua."

"Ulinichukia?"

"Sikukuchukia. Nilikudharau. Wale ni wapumbavu na wamezaliwa hivyo. Wewe una akili na ulikuwa na mke mbele yako."

"Hata yeye aliniambia hivyo," Fiacre alisema, na hakujitetea zaidi. Rispah alimwonyesha kiti chake cha kukunja chini ya kivuli cha choo cha klabu, akamwambia kuna chai kwenye chupa na asimwage.

Dakika ya kumi alipuliza filimbi, akaandika kwenye kadi kwamba Chui hawakufika, akawapa ushindi watu wa madirisha. Hao nao wakarukiana na kukumbatiana, mmoja akapiga magoti nyasini na kuinua vidole mbinguni kama aliyeikomboa nchi, ilhali hakuna hata mmoja aliyekuwa ametokwa na jasho. Rispah aliwatazama mpaka wakaona haya kidogo.

Mwaka uliofuata Kamande alianzisha timu nyingine upande wa Parramatta, kwa jina jipya na fulana mpya, na watu wakachanga. Lakini siku ile Rispah hakuwa na muda wa kumfikiria. Noelene alikuwa akimpungia mkono kutoka uwanja wa tatu, ambako refa hakufika na makarani wa bima wa timu mbili walikuwa wakigombana nani avae fulana za njano. Rispah alikaza kamba za viatu, akaenda, akawasikiliza pande zote mbili bila kupepesa, akarusha sarafu, na mechi ilipoanza akaanza kuwadharau hao pia, bila upendeleo.