Mtani Alipokunywa Dawa ya Vidukari

Saa moja asubuhi, mtaa wa Msamala. Adela Komba ameinama kwenye tuta la mboga za chainizi, akigeuza majani, anapomsikia mtu akikohoa nyuma ya nyumba kama anakata roho.

Ni mgeni, mchuuzi wa mitumba kutoka Iringa aitwaye Amedeus. Amepiga hodi, hakusikiwa. Akaona kibuyu kivulini, akadhani ni kinywaji. Mhehe kwa Mngoni ni mtani, na mtani haombi. Amepiga mafunda mawili, kibuyu kikamponyoka na kumwagika chote.

Humo hamkuwa na togwa. Ilikuwa pilipili kichaa, kitunguu saumu na sabuni, dawa ya vidukari, vile vijidudu vinavyonyonya majani.

"Mama, umeniua," anasema, povu mdomoni.

"Hufi wewe. Kidukari ndiye hufa." Adela anampa maziwa. "Babu zetu walihangaika na mikuki bure. Kumbe Mhehe dawa yake pilipili."

Tangu biashara ilipoachwa huria, maduka ya Songea yamejaa chupa za dawa za wadudu, nyingine hata maandishi yake hayasomeki. Adela, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa mboga, hazigusi. "Nisiyoijua siipigi kwenye chakula cha watu."

Lakini dawa imemwagika, pilipili imekwisha, na leo ni harusi ya Benigna, binti wa mtaani. Adela amemwahidi mama wa bibi harusi mboga zisizo na mdudu hata mmoja. Saa nne anatakiwa kanisani kuongoza kwaya, na sare mpya aliyoingoja tangu Pasaka imeshapigwa pasi.

"Safisha zitakazokaa juu ya beseni tu," anashauri jirani yake, Ida. "Nani atafunua?"

"Mama mkwe wake. Mkwe hufunua kila kitu."

Anafunga kanga kiunoni, anachukua kitambaa na maji ya sabuni, anafuta jani moja moja. Amedeus, kwa faini ya utani, anapewa tuta la pili.

"Nikipata bomba la mgongoni la kupulizia dawa," anasema Adela, "nitahudumia bustani zote za Msamala. Na kibuyu nitakitia kufuli."

Kengele inalia. Kwaya inaanza bila yeye.

"Wameanza kwa sauti ya juu mno," anasema, bila kuinua kichwa.

Mchana, jikoni kwa kina Benigna, mama mkwe anainamia beseni. Anageuza jani, la pili, la tatu. Anavaa miwani, anarudia.

"Hamna kitu," anasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

Adela, bado na kanga yenye matope, anaanza kuimba ule wimbo wa kwaya, kwa sauti yake sahihi.