Bi Saa na Mtoto wa Mezani

Wodini walimwita Bi Saa, kwa sababu ya saa ndogo aliyoibana kifuani kwa pini kwa miaka thelathini na minne, akiitupia jicho kila mtoto alipotoka. Alikuwa mkunga, mfupi, mwenye mikono ya nguvu na ulimi usioremba. Mwanafunzi yeyote aliyefanya naye zamu aliondoka na amri moja masikioni: mtoto haachwi peke yake mezani, hata nukta moja, hata jengo likiungua.

Alipostaafu, binti yake alimuuliza anataka zawadi gani. Wenzake walikuwa wameomba friji na makochi. Yeye akasema anataka kwenda kuona pale ilipopigwa ile filamu ya mafuriko. Hakuna aliyekuwa haijui: hospitali imezingirwa na maji, umeme umekatika, na juu ya paa mkunga mmoja anamzalisha mama, mtoto anatoka kimya. Bi Saa aliitazama mara kumi na moja pamoja na mdogo wake, na mara zote alilia huku akigombana na televisheni.

"Msugue mgongo! Unamtazama nini? Msugue!"

"Dada, hao hawakusikii," mdogo wake alikuwa akimwambia. Huyu alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa subira.

Basi, binti akawakatia tiketi wote wawili. Walipanda basi alfajiri, wakashuka uwanja wa ndege, wakapanda ndege, wakabadilisha ndege, kisha basi tena. Bi Saa hakuwahi kupanda ndege maishani. Ilipoinua pua na tumbo lake kubaki chini, alimkamata mkono abiria wa pembeni, baba wa watu asiyemjua, akamwambia kwa sauti ya kazini, "Pumua taratibu, usisukume bado." Yule baba akapumua taratibu. Mdogo mtu alijifunika uso kwa gazeti.

Pale pa kubadilishia ndege walimvua viatu ili avipitishe kwenye mashine, na miguu ilivyokuwa imevimba, havikurudi tena. Alitembea kilometa nzima ya marumaru kwa soksi tu, kiatu kimoja kila mkono. Walifika nyumba ya wageni jua likizama, saa kumi na nne tangu waondoke kwao. Usiku usingizi ulimpaa. Masikio yalikuwa bado yananguruma, na kila akifumba macho kitanda kilipaa.

Asubuhi, akiwa na ndara za kuazima, aliingia kwenye banda kubwa kama ghala pamoja na wageni kama ishirini. Aliyewatembeza alikuwa mwanamke mrefu mwenye kipaza sauti. Mlango ulipofunguliwa, Bi Saa alipigwa na butwaa. Ilikuwa wodi. Vitanda vya chuma vilivyobanduka rangi, mapazia ya kijani, hata ndoo iliyokatika mkono. Isipokuwa hapakuwa na harufu. Alivuta pumzi akitafuta dawa ya kusafishia sakafu, damu, maziwa, jasho la watu. Hakupata kitu. Aliinua faili la mgonjwa lililoning'inia kitandani, akafunua. Karatasi zote nyeupe.

"Hakuna aliyezaa humu," alimnong'oneza mdogo wake.

"Kwani ulitegemea nini, dada?"

Hakujua alitegemea nini. Kichwa kilikuwa kinazunguka kwa uchovu. Akauliza choo, akaelekezwa nyuma, mlango wa pili kushoto. Aliufungua wa kwanza.

Kilikuwa chumba kidogo chenye taa kali. Katikati palikuwa na meza, juu ya meza taulo, na juu ya taulo mtoto mchanga. Uchi, wa bluu, mdomo wazi kidogo, kitovu kimebanwa. Hapakuwa na mtu.

Roho ilimruka. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama aliwaza chochote, akaona kwamba hakuwaza. Mikono ilikwenda yenyewe. Ilimkausha mtoto kwa taulo, ikamsugua mgongo. Kimya. Alipeleka mkono kifuani kuitafuta saa, haikuwapo. Akamlaza chali, akakiweka kichwa sawa, akafunika mdomo na pua kwa mdomo wake, akapuliza. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili kifua kikapanda. Tatu, nne, tano, kikapanda na kushuka.

"Njooni!" alipiga ukelele. "Leteni blanketi! Nani kamwacha mtoto huyu? Nani?"

Wakaja mbio. Mdogo wake mbele, mwenye kipaza sauti nyuma yake, na wageni wakajazana mlangoni, simu mikononi. Bi Saa alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, macho yamemtoka pima.

"Mama," alisema yule mwanamke mrefu, polepole, "huyo si mtoto."

"Si mtoto ni nini?"

"Mgeuze, mama."

Akamgeuza. Mgongoni, kuanzia shingoni hadi kiunoni, palikuwa na zipu.

Hapo ndipo alipoisikia ile ladha mdomoni, mpira na poda. Mtu mmoja mlangoni akacheka, wengine wakafuata. Bi Saa akakaa sakafuni, mwanasesere bado mapajani.

Katikati ya wageni akapenya mwanamume wa makamo aliyejaa rangi hadi kwenye ndevu. Ndiye fundi aliyewatengeneza wanasesere wa filamu ile. Yeye hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

"Kifua kilipanda?"

"Kilipanda."

"Kuna kifuko cha hewa humo ndani, lakini kwenye filamu tulikipuliza kwa mrija. Hakuna aliyewahi kukipandisha kwa mdomo. Wewe ni nani, mama?"

"Mkunga," akasema. Ndipo hasira ikampanda. "Na wewe ni mtu gani? Mtoto haachwi peke yake mezani!"

"Ni wa mpira, mama. Nilikuwa namrudishia rangi, nikatoka kidogo..."

"Hata wa mpira! Mimi ningejuaje?"

Fundi aliinuka. Kisha akachukua kitambaa safi, akamfunika mwanasesere yule hadi shingoni. Bi Saa alipoona hivyo, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Wageni waliendelea na matembezi. Yeye hakwenda. Fundi alimletea kiti na maji, kisha akamuuliza, kwa aibu kidogo, kama rangi aliipatia. Hakuipatia. Bi Saa alimweleza kwamba mtoto anayeanza kupata nafuu hurudiwa na rangi mwilini kwanza, viganja na nyayo vikabaki na ubluu. Fundi akachukua brashi. Walikaa saa nzima, yeye akinyoosha kidole, mwenzake akipaka. Paa lenyewe, lile aliloliota, hakuliona kamwe. Mdogo wake alimweleza kwamba liko mita moja tu kutoka chini.

Video waliyompiga wale wageni ilifika kwao kabla yao. Wiki nzima Bi Saa hakutoka nje kwa haya. Siku ya nane simu ikaita: msimamizi mpya wa wodi, aliyekuwa mwanafunzi wake.

"Sista, tumewaonyesha wanafunzi video yako."

"Mmenicheka vya kutosha?"

"Tulicheka, sikufichi. Kisha nikairudia, nikawaonyesha kichwa ulivyokiweka, na kifua kinavyopanda. Wamekaa kimya darasa zima. Wanauliza lini utakuja kuwafundisha."

Bi Saa alikaa kitandani, simu sikioni. Hilo nalo hakulitarajia.

"Nitakuja Jumatatu," alisema. "Lakini waambie kabisa kwamba nilikosea. Sikunawa mikono."