Mto wetu unajazwa na mvua ya Maswa: nilivyookoa migono tisa ya mzee

Vijana, marahaba. Najua hamjanisalimia bado, mtanisalimia mkimaliza kusoma.

Humu jukwaani mnaitana wakuu. Mimi ni bibi wa wajukuu saba, nimeishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja. Hili nimeliona kwa macho yangu, sina sababu ya kuwadanganya.

Tunakaa Magu, karibu na pale Mto Simiyu unapoingia ziwani. Mwanangu Masanja anavua kambare kwa migono, ile mitego ya kusuka kama kapu refu. Anawauza Mabatini, Mwanza mjini.

Migono yote aliisuka mume wangu. Sasa mikono inamtetemeka, hasuki tena. Mgono ukienda na maji, ndiyo basi.

Mwaka jana ilienda sita.

Siku hiyo kwetu mbingu ilikuwa safi. Masanja akaangalia app ya hali ya hewa, akasema Mwanza jua siku tatu. Asubuhi mto ukaja mwekundu, umebeba magogo. Mzee alikaa anaangalia mikono yake.

Ndipo nikajiuliza, haya maji yametoka kwa nani? Yametoka juu, Maswa huko. Na sisi tulikuwa tunauliza mvua ya Mwanza.

Bahati nzuri binti yangu Milembe ameolewa Maswa. Jirani yake ni mwalimu, shuleni kwao kuna chombo cha kupimia mvua na daftari lake. Nikamwambia, ikinyesha nenda kwa mwalimu, unipe data.

(Hilo neno data nimelipata humu humu.)

Mara ya kwanza akapiga: "Mama, ni nyingi, ndoo imejaa."

Sikuuliza ndoo ya nini. Hilo kosa langu. Nikaamuru migono itolewe. Mto haukupanda hata kiganja. Majirani wakavua huku wanatucheka, sisi tukala dagaa siku mbili.

Masanja akaniuliza, "Mama, hayo maji ya Maswa yamepanda basi gani, mbona hayafiki?"

Nikampigia Milembe. Kumbe hakwenda kwa mwalimu, aliogopa matope. Alikinga ndoo chini ya bati.

"Sasa mama, maji si maji?"

"Hayo ni maji ya paa zima, wewe. Umepima nyumba, hukupima mvua."

Tangu hapo anakwenda, matope yawepo yasiwepo. Mimi naandika ukutani kwa mkaa. Baadaye nikaona jinsi mto unavyokwenda. Mvua ya huko ikiwa ndogo, siku ya pili maji yanapanda taratibu, yanaingia kwenye majani, na kambare wanayafuata. Hapo tega. Ikiwa kubwa siku mbili mfululizo, toa kila kitu.

Mwezi uliopita akapiga: kubwa, siku mbili. Kwetu jua linachoma.

Masanja akaguna, "Tutachekwa tena."

Nikamwambia acha wacheke, wewe toa. Akatoa huku ananuna.

Siku ya pili yake mto ukaja na magogo yake. Migono yetu tisa ilikuwa imeegemea ukuta. Mzee akapita anaigusa mmoja mmoja, kisha akaomba chai.

Maji yalipotulia tukatega. Wiki nzima nyumba ilinuka moshi wa kambare.

Jirani aliyetucheka sasa anakuja mwenyewe kusoma ukuta wangu. Anasalimia kwanza.

Nilichojifunza: ukitaka kujua mto utakuwaje, uliza mvua ya kule unakotoka, na uulize imepimwa na nini. Haya yangu ni ya Simiyu, msiyahamishie kwenu. Mlio kwenye mito mingine, semeni ninyi mnaangalia nini. Nitasoma, japo taratibu.

Kwangu nimeshasema, na Masanja amesikia: mgono hauingii mtoni mpaka Milembe apige, na Milembe hapigi mpaka asome daftari la mwalimu. Ile ndoo yake ibaki kuoshea vyombo.