Msahihishaji Aliyesoma Kuanzia Mwisho

Mzee alisahihisha magazeti kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu hakuna aliyemwambia kwamba kustaafu ni pamoja na kunyamaza. Kalamu yake nyekundu akaihamishia kwenye simu. Kundi la ukoo likawa ndilo gazeti lake, ndugu zake wakawa waandishi wake, wasiolipwa na wasiofundishika.

Shemeji akiandika "2po p1 ktk maombi," anarudishiwa sentensi nzima imenyooshwa kama shati la shule. Mpwa akitangaza msiba kwa "ame fariki," anaunganishiwa kitenzi kwanza, pole baadaye. Wakampachika jina la Bwana Nukta, naye maskini akalipenda, akidhani ni heshima.

Binti yake wa pekee ndiye aliyechoka mapema. Alipotuma kadi yake ya harusi kwenye kundi, baba mtu aliirudisha mbele ya ukoo mzima na masahihisho tisa. Tangu hapo, miaka miwili, binti hakupiga wala kuandika. Hata alipojifungua, mzee alisikia kwa watu. Kila asubuhi alilitafuta jina lake kwenye simu, na asipoliona aliwageukia wengine kwa ukali. Hawakujua wanachapwa kwa ajili ya nani.

Sasa, wasahihishaji wa zamani wana mtindo wao: husoma kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, ili habari isiwateke wakaruka makosa. Hivyo ndivyo mzee alivyopitisha tanzia na hotuba za mawaziri maisha yake yote, bila kuguswa na hata moja.

Jumatano moja, saa mbili asubuhi, ujumbe wa binti ukaingia. Aliliona jina lake, akatabasamu peke yake. Mtu mwingine angeusoma. Yeye alivaa miwani, akaanzia chini. Herufi zimemezwa, nukta hakuna. Alitaka binti ajue bado anamjali, na kujali kwingine hakukujua. Akasafisha neno kwa neno, akaongeza maelezo juu ya matumizi ya mkato, akayaandika na kuyafuta mara kadhaa, akatuma saa nne kasoro robo, roho kwatu.

Mkewe akaichukua simu, akausoma ujumbe kwa sauti, kuanzia juu kama binadamu wengine.

"Baba, leo tunapita hapo. Basi litasimama stendi saa tatu mpaka saa tatu na nusu. Njoo umwone mjukuu wako."

Akanyanyua macho. "Umemjibu nini?"

Mzee alikuwa ameshatoka, na ndala zake za ndani.

Stendi ilikuwa tupu. Mkata tiketi alimwangalia anavyohema, akamwonea huruma.

"Kulikuwa na dada mmoja na mtoto, mzee wangu. Kila mzee aliyetokea kwa mbali, dada alinyanyuka kumwangalia. Muda ulipopita alimbembeleza dereva asubiri, dereva akakubali. Halafu ujumbe ukaingia kwenye simu ya dada, akasoma, akapanda mwenyewe. Akasema twendeni."