Kujifunza Kuendesha Mchangani

Daktari wa macho alipomwambia baba kwamba matone yangepunguza tu kasi ya ugonjwa, na kwamba uwezo wa kuona uliokwisha kupotea hautarudi, tulikwenda kwangu Ruiru. Baba alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Nataka kulala kisiwani."

Nilidhani anatania. Baba aliendesha lori kati ya Thika na Mombasa miaka yote niliyokuwa nikikua Makongeni. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba hajawahi kukanyaga ufuo.

"Unashusha mzigo, unapakia mwingine, unageuza," alinieleza. "Bahari nimeiona kwenye kioo cha pembeni."

Basi tukaanza kupanga. Kisiwa tulichokipata kiko mbali, kaskazini mwa pwani. Gari huvushwa kwa pantoni, na ukishavuka hakuna barabara, ni mchanga mtupu hadi mahali pa kupiga hema. Mwanamke mwenye kambi aliniambia kwa simu kwamba ufuoni watu huendesha wakati maji yamekupwa tu, na kwamba kabla ya kuingia mchangani lazima nipunguze upepo kwenye tairi. "Wanaokwama ni wale wabishi," alisema.

Kila Jumapili baada ya kanisa tuliketi mezani na karatasi. Mimi niliandika hema, mitungi ya maji, sepetu, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu. Baba alitaka godoro na gunia la viazi.

"Gunia zima, baba? Tunaenda siku nne."

"Wewe hujui njaa ya safari."

Tulishuka hadi nusu gunia, kisha tukakubaliana kikapu.

Gari langu ni kuukuu, linavuta kwa magurudumu yote manne, ila sikuwa nimewahi kulitoa kwenye lami. Jumamosi moja tukaenda Gatuanyaga, kwenye mto mmoja mkavu anaoujua baba, nikajaribu. Nilipotoa kipimo cha upepo akanizuia.

"Miaka thelathini sijapunguza upepo."

"Ulikuwa kwenye lami, baba."

"Endesha."

Nikaendesha. Hatukufika mbali. Gari lilizama mbele, nikakanyaga mafuta, tairi zikachimba, tumbo la gari likalala juu ya mchanga. Nikazima injini. Baba alishuka, akazunguka nyuma akipapasa bodi, akachuchumaa na kuligusa gurudumu lililozama, kwa kuwa macho hayakumwonyesha vizuri. Niliogopa angesema turudi nyumbani na mambo yaishie hapo.

"Huyo mwanamke," aliuliza bila kunitazama, "alisema upepo ubaki kiasi gani?"

Nikamwambia. Alifungua vali mwenyewe, sikio likiwa karibu na tairi, nami nikapima. Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama ukingoni.

"Mnaharibu gari?" akauliza.

"Tunajifunza," baba akamjibu, na sikumbuki kumsikia akitamka neno hilo kabla ya siku ile.

Nilichimba kwa sepetu hadi viganja vikawaka. Tukaingiza mbao, nikaweka gia ya kurudi nyuma, nikaachia klachi polepole. Gari likatikisika, likapanda, likatoka.

"Haiya!" Baba alipiga makofi kama mtoto.

Hakuniruhusu kuondoka. Alipanda kando yangu, akafungua dirisha, akaniongoza nikienda na kurudi kwenye mto ule. Mchanga hakuuona, lakini injini aliisikia kabla yangu. "Inachoka. Gia ndogo. Sasa iache iende, usiilazimishe." Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nikigeuza bila kusimama, mabega yangu yamelegea, na yeye ameegemeza kichwa kwenye kiti kama abiria asiye na wasiwasi wowote.

Tuliporudi Ruiru aliomba simu, akampigia mwenye kambi yeye mwenyewe.

"Tunakuja wawili, mama," alisema kwa sauti kubwa. "Dereva ni msichana wangu. Anajua mchanga." Kisha akashusha sauti na kuuliza kama mzee asiyejua kuogelea anaweza kuketi ndani ya maji bila kusumbua mtu.

Alisikiliza, akacheka, akanirudishia simu.

"Anasema maji ya asubuhi hayafiki magotini," aliniambia. "Na ni ya vuguvugu."

Tunaondoka Jumatatu ijayo.